Jina la Musembi Limetoka Kwenye WiFi

Jumatano. Kathonzweni imefunikwa na wingu tangu alfajiri na mvua haina haraka. Ni moja ya zile siku ambazo mtu anaamka, anakunywa chai, anafagia uwanja, na bado hana hakika kama ameamka kweli. Jogoo wa jirani amewika mchana na hakuna aliyemlaumu.

Leo nimebadilisha paswadi ya WiFi ya hapa nyumbani.

Najua, shajara, si habari ya kumwandikia mtu. Wengine hubadilisha paswadi wakingoja uji upoe. Lakini mimi nimeizunguka kazi hii tangu Jumapili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nasema nitafanya kesho, na kesho ikifika naenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Sababu ni jina.

Mume wangu alipoleta ile ruta alikuwa anaharakisha kurudi Kambu, ambako ana duka la vipuri kando ya barabara kuu. Akapanda kiti, akaitundika ukutani sebuleni, akaweka paswadi ya kwanza iliyomjia kichwani: Musembi, pamoja na mwaka aliozaliwa mtoto wetu. Musembi ni kifungua mimba wetu. Pia ni jina la baba mkwe wangu, aliyefariki kabla sijaolewa hapa. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo mwanangu alikuwa Musembi hata kabla mimba haijaonekana. Hakuna aliyeuliza ataitwa nani.

Na mimi, kama mke wa mwana, jina la baba mkwe silitamki. Ni nthoni, ile haya ya heshima tuliyofundishwa na mama zetu. Mwanangu namwita Baba. Baba, njoo uoge. Baba, shuka juu ya meza. Basi mgeni akija akiomba paswadi, namwambia ni jina la mtoto na mwaka wake, na kabla sijamaliza, Susu anaitikia kutoka alipoketi kwa sauti ya mtu anayeita mbali: "Musembi!"

Susu ni mama mkwe wangu. Namwandika hapa kama mtoto anavyomwita, yaani nyanya; mimi mwenyewe humwita Mwaitu, yaani mama. Yeye humwita mjukuu wake "mume wangu", kwa kuwa amebeba jina la mumewe. Humpakulia kwanza na humnunia akichelewa kutoka shule. Siku mume wangu alipomweleza kwamba mtu haingii kwenye intaneti ya nyumba hii bila kuandika jina la marehemu mzee, Susu alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Tangu siku hiyo anapenda wageni wenye simu. Akiona mtu ameinamisha kichwa anaandika, anamtazama vidole. Wakati mmoja aliniambia kwamba mtu hajaenda mbali kama jina lake bado linafungua mlango. Kisha akaniuliza kama maharagwe yameiva.

Sasa unaona tatizo. Paswadi yetu ilijulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga kwetu. Ilitosha mtu kujua mume wangu ni mwana wa nani, na hapa kila mtu anajua kila mtu ni mwana wa nani. Mwaka wa kuzaliwa mtoto ndio pekee uliohitaji kubahatisha, na majirani walikula kuku wa sherehe yake, kwa hiyo hawakubahatisha sana.

Kwa muda mrefu haikunisumbua. Nikitoka nje jioni nawaona vijana kando ya ua wa minyaa, kimya, kila mmoja na simu yake, wanatazama mpira, na moyoni naona vizuri tu. Huku mto ukikauka tunachimba shimo kwenye mchanga mpaka maji yatokee, na aliye na kiu hafukuzwi kwenye shimo la mtu. Nilidhani intaneti ni hivyo hivyo.

Lakini Jumapili tulipotoka kanisani nilifungua kompyuta ili nitume kazi. Kazi yangu ni kuandika yale ambayo watu wamesema kwenye rekodi. Mikutano, mahojiano, wakati mwingine mama analia akieleza mambo ya watoto wake. Ni maneno ya watu, na nimeahidi kuyatunza. Nikatafuta mtandao wetu, haupo. Mahali pake pamekaa mtandao mwingine, herufi kubwa tupu: MAMA MUSEMBI ONGEZA SPIDI.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kutumia mtandao wa mtu ni jambo moja, kuubadilisha jina ni jambo lingine. Aliyefanya hivyo alikuwa ameingia ndani ya ruta yenyewe, kwenye mipangilio yake, na paswadi ya kuingilia humo ilikuwa bado ni ile ya kiwandani, ambayo hatukuwahi kuigusa. Aliyeweza kuniandikia utani angeweza pia kunifungia nje, ama kunipeleka kwenye kurasa za uongo nami nisijue. Nikaketi kitandani nikimwogopa mtu ambaye pengine nilimpa chai wiki jana.

Ilibidi nibadilishe kila kitu, na jina la Musembi lilikuwa ndani ya kila kitu.

Ningemwambiaje Susu? Mzee alizikwa mara moja. Mimi ni nani nimzike mara ya pili? Jumatatu nikawaza nimfiche. Simu yake huwa naiunganisha mimi, angejuaje? Lakini siku moja mgeni angekuja, naye angeita "Musembi!" kwa furaha yake yote, na mgeni angesema imekataa. Nikauona uso wake kabla haijatokea. Nikaenda kuanua nguo.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimkuta barazani anapepeta ndengu. Uteo unapanda, unashuka, maganda yanakwenda zake. Mtoto alikuwa ametoka shule, amelala mkekani karibu naye. Nikaketi. Ule mwanga wa wingu ulikuwa mwepesi hata nikasahau nimekuja kwa nini. Ningeweza kukaa pale mpaka mavuno mengine. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema kwamba kuna mtu ameichezea WiFi, kwamba paswadi inajulikana na kila mtu, na kwamba lazima itoke.

Uteo ukasimama.

"Itoke iende wapi?"

"Ibadilishwe, Mwaitu. Tuweke nyingine."

"Kwani wote wanalijua hilo jina?"

"Wote. Hata wale wa ng'ambo ya mto."

Akaokota kijiwe kwenye ndengu, akakitupa uwanjani. Nikangoja aseme ninamfukuza mumewe nyumbani kwake. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi. Kusema kweli, kama wakati ule angesema jina libaki, ningeiacha hiyo kazi ya rekodi nikauze ndengu sokoni.

"Kwa hivyo wewe unataka jina wasilolijua," akasema.

"Ndiyo, Mwaitu."

Alimtazama mtoto kuona kama amelala kweli. Kisha akanishika mkono, akanivuta nikainama, akaniambia sikioni neno moja.

Sikulishika mara ya kwanza. Akalirudia. Halafu akarudi kwenye ndengu zake, akipepeta haraka kuliko kawaida, akanieleza huku ametazama uwanja. Ni jina alilokuwa akiitwa na mzee walipokuwa wameoana karibuni, asubuhi zile walizokuwa wakishuka pamoja mtoni kuchota maji kabla watu hawajaamka. Mbele za watu alikuwa mke wa Musembi, baadaye akawa mama wa watoto. Lile lilikuwa la mtoni tu. Watoto wake hawalijui. Mume wangu halijui. Tangu mzee afe hakuna aliyelitamka, na yeye mwenyewe hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sitaliandika hapa.

Niliingia ndani nikafanya kazi nusu nikiota. Nilifungua ukurasa wa ruta kwa ile namba iliyo kwenye kibandiko chini yake. Kwanza nikabadilisha paswadi ya kuingilia kwenye mipangilio, nikaweka ndefu ambayo haina ukoo na mtu yeyote. Nikazima ile njia ya kuunganisha simu kwa kubonyeza kitufe tu. Nikachagua ulinzi mpya kabisa ambao ruta inaukubali. Jina la mtandao nikaandika neno lisilosema ni kwa nani.

Nikafungua na mtandao wa wageni, wa kwao peke yao, usiofika kwenye kompyuta yangu, wenye paswadi nyepesi nitakayokuwa nikiibadilisha mara kwa mara. Hata lile shimo la mchangani tunalizungushia miiba kwa sababu ya mbuzi, na watu bado wanachota.

Mwisho nikafuta jina la Musembi herufi moja moja, mdomo nimeufumba. Nikaandika jina la mtoni, nikalizungushia maneno mengine na namba na alama, maana hata jina zuri halitoshi likiwa peke yake. Nikabonyeza.

Taa za ruta zikazimika zote kwa pamoja. Kila simu ikatupwa nje, hata yangu. Kwenye ua nikasikia kijana akilalamika.

"Ah! Si imeenda! Imekuja na jina lingine."

"Weka tena Musembi," mwenzake akamwambia.

"Nimeweka. Imekataa, aki."

Nilimtazama Susu kupitia mlangoni. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Alitaka kuandika mwenyewe kwenye simu yake. Susu anajua herufi, alizisoma ukubwani kanisani, ila huziendea polepole. Nikamwandikia yale ya kuzungushia, nikamwachia nafasi ya jina. Akabonyeza herufi ya kwanza kwa kidole cha shahada. Ikaonekana kidogo, kisha ikageuka kitone. Akaondoa mkono, akadhani ameharibu. Nikamweleza kwamba simu inazificha ili aliye karibu asisome.

"Kumbe hata simu ina nthoni," akasema, ameridhika sana.

Akaendelea. Kila herufi ilipofunikwa alitikisa kichwa kidogo. Nami niligeuza uso, ingawa nilikuwa nalijua tayari, kwa sababu niliona si vizuri kumtazama. Ilipounganika hatukufungua chochote. Aliishika tu mapajani, nikatoka nje nikamwacha nayo.

Sasa ni jioni na mvua bado inajishauri. Vijana nimewapa paswadi ya wageni. Mmoja wao aliniomba msamaha kabla sijauliza lolote, kwa hiyo nimemjua mwandishi wangu, na nimemwambia siku nyingine aweke na "tafadhali". Mtoto aliamka akauliza kama bado yeye ndiye WiFi. Susu akamwambia hapana, sasa yeye ni mume wa mtu na aende akawape kuku maji.

Kila kitu kimekwenda vizuri. Basi mbona bado nimeketi hapa na shajara?

Mume wangu amepiga simu kama kila jioni. Akasema, "Mama Musembi, mmeshindaje?" Nikamwambia salama. Mchungaji ananiita Mama Musembi. Wauza ndengu sokoni wananiita Mama Musembi. Nina jina langu, Mutheu, nalo limekaa kwenye kitambulisho. Lakini la mtoni sina. Nimelitafuta jioni nzima katika ndoa yetu, nikarudi hadi ule mwezi wa kwanza Kambu, katika chumba cha nyuma ya duka, malori yakipita na vikombe vikigonganagongana rafuni. Alinipenda, sina shaka. Alikuwa akinipozea chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe. Na aliniita Mutheu, kama mwalimu anayeita darasa.

Nimekuwa nikilindwa na kuitwa kwa heshima miaka yote hii, na leo nimemwonea mama mkwe wangu wivu. Ndivyo ilivyo, nimeshasema.

Siku mke wa mwanangu atakaponijia akitaka jina ambalo kijiji hakilijui, nitainama kwenye sikio lake nimwambie nini?

Jumamosi mume wangu atafika kutoka Kambu. Atavua viatu, ataketi, atatoa simu, ataniambia imekataa na kuomba paswadi. Nitamwambia paswadi ni ya mama yake, aende akaandikiwe. Na Jumapili alfajiri, kabla watu hawajaamka, nitamwamsha twende mtoni kuchota maji.

Atasema tuna mfereji wa maji uwanjani. Najua tuna mfereji. Twende tu.