Ngitili na Mwandiko Wangu

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Mkutano wa kijiji leo, uwanjani shuleni. Nimeandika muhtasari kama kawaida – hapa mwalimu ndiye karani wa kila kitu, harusi hadi msiba. Alikuja mgeni, Eustace, kutoka kampuni ya watafuta dhahabu. Kawaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja. Mtu wa namna hiyo ana shida yake.

Akauliza habari za ngitili yetu, yale malisho tunayoyafunga tukiyawekea kiangazi. Kuna anayelima mle? Hakuna. Anayechimba? Hakuna. Anayeishi? Wazee wakacheka. Mzee Bujiku, mwenyekiti, akasimama na kunyoosha mgongo: tangu mvua za kwanza hakuna aliyekanyaga mle, hata mbuzi, na atakayethubutu atatoa ndama kama faini. Watu wakapiga makofi. Ni kweli, mwaka huu imetunzwa. Majani yamefika kiunoni, na huku nje ng'ombe wanalamba vumbi. Zimebaki wiki nane tuifungue. Ng'ombe wangu sita wanasubiri pamoja na wa wenzangu.

Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Wananchi walithibitisha kwamba eneo hilo halitumiwi na mtu yeyote."

Eustace akausifu mwandiko. Akaomba nakala, na orodha ya mahudhurio. Nikampa. Mahudhurio ya nini? Sikuuliza pale. Nimeanza kujiuliza jioni hii, nikipepeta mchele.

Jumatano, 16 Agosti

Shinyanga mjini, kufuata chaki. Kwa Hasnain mwenye duka la vifaa vya ujenzi nikapata kiti na chai, kama siku zote. Akaniuliza, Mwalimu, huko kwenu mnataka kufuga simba? Nikamwambia sielewi. Kumbe ameagizwa seng'enge, marobota kwa marobota, yapelekwe kijijini kwetu kabla ya mwisho wa Septemba. Nani kaagiza? Akasema mteja ni mteja, akabadili mazungumzo, akaniuliza kama watoto wanafaulu.

Seng'enge! Sisi tunazungushia minyaa na matawi ya miiba. Hakuna mtu wetu mwenye seng'enge.

Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi. Sikuimaliza.

Jumamosi, 19 Agosti

Nyumba ya Mzee Bujiku ina bati jipya. Nimepita mara mbili kuhakikisha.

Jumapili, 20 Agosti

Nimepita mara ya tatu, kwa kisingizio cha kumsalimu mkewe. Mwangaluka, mwangaluka, nikakaa. Nikasifia bati. Mzee akasema ni pamba, mwaka huu pamba ilimtii. Akanionyesha na stakabadhi za chama cha ushirika bila mimi kuomba! Mtu asiye na hatia haonyeshi stakabadhi.

Au labda anaonyesha kwa sababu hajui kusoma, na anafurahi kupata mtu wa kumsomea. Nilimsomea. Kweli ilikuwa pamba. Bado simwamini.

Ijumaa, 1 Septemba

Barua ya Enock kutoka Geita. Mume wangu anapiga randa huko, mtaa wa Kalangalala, mwaka wa tatu sasa, na mwaka wa tatu huu ninaomba uhamisho nimfuate. Anasema mji umefurika watu, kila mtu anazungumzia dhahabu, chumba kimepanda, samaki wamepanda, kitanda tu ndicho hakijapanda kwa sababu maseremala wamekuwa wengi. Anauliza uhamisho umefikia wapi. Nimjibu nini?

Dhahabu hii inachimbwa tangu enzi za wakoloni. Kama ingekuwa inajenga, si tungekuwa na choo cha shule?

Jumamosi, 9 Septemba

Leo nimefarijika kidogo. Makoye, mdogo wake Enock, anagombea udiwani kwa upinzani, na leo kafanya mkutano sokoni. Alisema wazi: vyama vingi maana yake hakuna mkataba wa siri, kila karatasi isomwe mbele ya wenye ardhi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja akapiga kigelegele. Nilimpenda sana shemeji yangu leo.

Baadaye nikamweleza habari ya seng'enge na mahudhurio. Akakasirika mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Akaomba nakala ya muhtasari aende nayo kwa hao jamaa akawabane. Nimempa ya mwisho niliyokuwa nayo. Akaniuliza na habari za uhamisho wangu. Nikamwambia yote, shemeji ni ndugu.

Jumanne, 19 Septemba

Makoye karudi. Kwa gari la kampuni.

Sikuamini, nikatoka darasani na chaki mkononi. Akateremka mlango wa mbele, anacheka. Nyuma wakateremsha maboksi mawili. La kwanza fulana za upinzani. La pili kofia na kanga za chama tawala, zikapelekwa kwa wenyewe ng'ambo ya barabara. Gari lile lile! Dereva yule yule, kashika risiti mbili.

Nikamuuliza Makoye, karatasi ikasomwa? Akasema mambo hayaendi hivyo, shemeji. Kwamba dunia inakwenda kwa wawekezaji. Kwamba vijana watapata ajira, itakuja zahanati, itakuja barabara, na kodi yake itaendesha nchi nzima. Nikamuuliza, na ng'ombe? Akasema mtu hawezi kupinga maendeleo kwa ajili ya majani.

Majani! Yeye mwenyewe alikua kwa maziwa ya ng'ombe wa ngitili ile.

Jumatatu, 2 Oktoba

Siku ya kufungua. Tangu alfajiri ng'ombe wamekusanyika, kijiji kizima, hata wa watu wa Ibadakuli waliooa kwetu. Mzee Bujiku ndiye huondoa tawi la miiba mlangoni, na hakuna anayetangulia kabla yake. Leo hakukuwa na tawi. Kulikuwa na seng'enge, nyuzi nne, na mlinzi mgeni.

Mlinzi hakuwa na ukali. Akatoa karatasi mfukoni akasoma kwa sauti: wananchi walithibitisha kwamba eneo hilo halitumiwi na mtu yeyote. Halafu majina. Mia moja na kumi na nne, wote waliohudhuria, wamegeuka kuwa wote waliokubali.

Nilisikia maneno yangu yakisomwa na mtu nisiyemjua. Nikaona na nukta zangu. Nikakaa chini.

Watu hawakunifokea, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Waliniangalia tu. Ng'ombe wanasukuma seng'enge kwa vifua, wanasikia harufu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wamekufa ng'ombe kumi na mmoja kijijini. Wangu mmoja, yule mwekundu.

Mzee Bujiku amekuja nyumbani mwenyewe. Akasema, Mwalimu, nilijibu nilichoulizwa. Nikamwambia, na mimi niliandika nilichosikia. Nimemuomba radhi kwa ajili ya bati. Hakuelewa naomba radhi ya nini, akaniombea heri.

Wilayani wamekubali kutuma afisa asikilize malalamiko, wiki ijayo. Nimemfundisha Mzee kama ninavyofundisha darasa la pili: useme ngitili ni malisho, hufungwa masika na kufunguliwa kiangazi, kuifunga ndiyo kuitumia. Karudia mara tano. Ameshika.

Alhamisi, 12 Oktoba

Eustace kaja shuleni wakati wa mapumziko. Shikamoo Mwalimu! Tunalingana umri. Akaweka bahasha juu ya madaftari. Ndani mna barua ya uhamisho wangu, shule ya Geita, kuanzia Januari. Jina langu kamili, Euphrasia, na la ubini. Akasema "wameisukuma" kidogo, maana wanajali familia. Akasema pia kwamba Jumamosi, afisa wa wilaya akija, angeshukuru muhtasari ukiandikwa kama watu watakavyosema, bila kuongeza neno.

Kajuaje kwamba naomba uhamisho? Sina haja ya kuuliza. Nilimwambia mtu mmoja tu.

Barua iko chini ya godoro. Nimeisoma mara nne. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ninaandika hapa hapa mkutanoni. Daftari la muhtasari liko wazi mbele yangu, hili liko juu yake, watu wanadhani ninafanya kazi.

Afisa kafika. Eustace yupo. Makoye yupo, mstari wa mbele, fulana mpya. Kura ni wiki mbili zijazo, na wagombea wote wawili wamekaa benchi moja na kampuni.

Mzee Bujiku kasema vizuri. Malisho. Masika, kiangazi. Neno kwa neno. Afisa alikuwa anaandika, nikaona anatikisa kichwa kukubali.

Halafu Eustace kainua mkono kwa adabu. Ana swali dogo kwa Mzee wetu. Watu wanasema kuna walioiba malisho mle mwaka huu, kwamba ulinzi wa mwenyekiti ulilegea, kwamba ng'ombe waliingia wakatumia. Je, ni kweli?

Nimemkazia Mzee macho. Sema ndiyo. Sema waliingia hata mia.

Kasimama. Kanyoosha mgongo, kama ile siku. Kasema yeye si mwenyekiti wa namna hiyo. Tangu masika hakuna hata mmoja aliyekanyaga mle, na hakuna aliyekitumia hata kijani kimoja, na anayesema vinginevyo aje amwambie usoni.

Wazee wamepiga makofi. Makoye naye kapiga.

Afisa kasimamisha kalamu. Anasema neno la mwenyekiti lazima liingie kwenye muhtasari kama lilivyotamkwa. Wote wamenigeukia. Mzee Bujiku anatabasamu, anadhani ametushindia. Anasema, andika, Mwalimu, uandike vizuri.