Kibanda cha Juu Kilimani

Lorna na Curtis,

Supu iko kwenye friji, ipasheni moto. Mbwa ameshakula, msidanganyike na macho yake. Nimeondoka na gari langu kwenda kule kambini ziwani, kama tulivyopanga tangu Januari.

Asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu, mlango wazi. Lorna, nikakusikia ukimwambia yule mama wa kambi kwenye simu: "Futa tu ile nafasi yetu ya kibanda, dada. Baba hawezi tena, ataanguka huko tuanze kubebana." Mwanangu, magoti yangu ndiyo mabovu. Masikio ni mazima.

Ulipotoka nikapiga mimi. Kile chetu chenye umeme kilikuwa kimeshachukuliwa na wengine. "Kimebaki cha juu kilimani, mzee, hakina maji, na choo mpaka utembee," akasema. Nikamwambia aandike jina langu.

Masharti nimeyasoma yote, kurasa sita. Shuka na mito kila mtu anakuja navyo. Kuni za nyumbani haziruhusiwi, zinabeba wadudu wanaoua miti, kwa hiyo Curtis, lile rundo ulilopakia kwenye pikapu lishushe. Dawa zangu ninazo, za siku nne.

~~Msinifuate.~~ Njooni Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Getini msitaje jina lenu, halimo tena kwenye orodha. Semeni ninyi ni wageni wa Mzee Haugen. Vitanda ni vya ghorofa. Ninyi mtalala chini, cha juu nimeshakichukua.

Baba