Chupa Mbili za Modesti

Nangurukuru,
Jumapili

Kwako dada Mwahija,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka Italia, namshukuru Mungu, na naomba barua hii ikukute mzima huko Sudi, wewe na shemeji na watoto, na mgongo wako uwe umepoa. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka, nawe ungenikatisha.

Unamkumbuka Modesti, kitindamimba wa jirani yetu mama Natalia, anayesomea upadri kule. Alinipa chupa mbili za divai ya zabibu alizochuma kwa mkono wake, zitumike kwenye misa ya wazazi wake kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Mimi na divai wapi na wapi? Lakini mama Natalia ametulea. Nikazifunga ndani ya mitandio.

Uwanja wa ndege Dar nikachanganyika na watu waliotoka umra, na miongoni mwao Bi Sukaina mwenye duka la kanga Lindi, anayeujua ukoo wetu wote. Meza ya kutangaza mizigo ilikuwa mbele ya macho yake, nikaipita kama sina kitu. Mashine ikaziona. Afisa wa forodha akafungua sanduku langu, akazisimamisha mezani moja moja, bila haraka yoyote.

Nyumbani nikasema forodha wamezichukua. Mama Natalia amekasirika mpaka presha imepanda. Anatangaza mtaa mzima kwamba watu wa forodha ni wezi, na Alhamisi anakwenda Dar kuzidai, mimi niwe shahidi wake. Jana kaniletea wali kwenye ile sufuria anayoitenga kwa ajili yetu Waislamu, eti nimekonda kwa kuonewa. Nimeufunika, sijaugusa.

Dada, hawakuiba. Afisa aliniambia kwa upole kwamba chupa mbili zinaruhusiwa, hazilipiwi hata shilingi, niseme tu ni zangu niondoke nazo. Bi Sukaina alikuwa nyuma yangu. Nikasema si zangu, simjui aliyeziweka. Akaniuliza tena, nikarudia kwa sauti ili Bi Sukaina asikie, nikatia sahihi karatasi ya kuzikana. Karatasi hiyo iko kule, na mama Natalia anajua kusoma.

Nimejichukia. Nikiifunga barua hii nakwenda kwake kumwambia. Nimeanza na wewe ili nione kama maneno yatatoka.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mama Natalia akikupigia kuuliza kama ni kweli, usinitetee.

Mdogo wako,
Kidawa