Namba ya Baba, Pumzi ya Kipkurui

Mpendwa Mama Mwihaki, naomba unisaidie upesi kabla sijatuma fomu ambayo itanipeleka mbali au itanimaliza kabisa, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti.

Mimi ni msichana wa Sosiot, nasomea shahada ya pili, na kazi yangu ni sumu zinazoingia mwilini kwa njia ya pumzi, yaani nachunguza vile dawa ya kupe inavyofanyia mapafu ya watu wanaonyunyizia ng'ombe kwa pampu kila wiki bila kufunika mdomo, na nilichagua kazi hii kwa sababu ya baba yangu, Johana, ambaye amenyunyizia ng'ombe miaka ishirini na akianza kukohoa asubuhi hata kuku wanashuka kwenye miti. Sasa kuna tuzo ya utafiti ya wanafunzi wa shahada za juu, mtu mmoja tu nchi nzima, anayeipata anamaliziwa masomo na anapelekwa ng'ambo kueleza kazi yake mbele ya maprofesa, na fomu zinafungwa mwisho wa mwezi ujao, na bila hiyo tuzo mimi narudi nyumbani kuchuna chai na digrii moja na nusu.

Mwezi wa kwanza nilienda kwenye kituo chetu cha kupimia chai, kwa sababu huko ndiko utapata kila mtu, nikaandikisha watu thelathini na wawili wanaonyunyizia ng'ombe wao, na ili nisichanganye majina, maana akina Kipsang peke yao walikuwa watano, nikaandika kila mmoja kwa namba yake ya chai, ile karani huita majani yakipimwa, nikajiona mjanja kweli. Nikawapulizisha kipimo cha pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye kimshale kinachopanda ukipuliza kwa nguvu, na kimshale hakikupanda sana, baba alifika mia tatu na kumi akakaa chini. Nikawapa vifuniko vya mdomo, nikawafundisha kuvivaa, nikasema mwezi wa sita tutapima tena tuone kama kuna nafuu. Lakini mwezi wa sita nilikuwa na mitihani, Mama, kwa hivyo nikamwachia kazi Kipyegon, karani wa kituo, nikamwonyesha vizuri, naye akaniambia, "Dada, wewe soma, hii kazi ni ya kuita namba na kuandika, na mimi nimeita namba maisha yangu yote."

Matokeo yalipofika nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba akafikiri nimeposwa. Karibu wote walikuwa wamepona! Baba mia sita na arobaini! Mzee Isaiah, ambaye hupumzika mara mbili akienda chooni, mia tano na sitini! Msimamizi wangu, Dr. Ongeri, alisema hajaona vifuniko vya mdomo vikifanya kazi namna hiyo tangu azaliwe, akaniambia ataniandikia barua ya kunisifu, na mimi kwa furaha nikawaandikia wazee wote kadi za matokeo, nikazituma nyumbani.

Wiki iliyopita nikafika nyumbani, na ndugu yangu Kipkurui, ambaye anakimbilia shule yao mbio za mita elfu tano, akaniambia akicheka, "Ile mashine yako niliichapa karibu ipasuke." Nikamwuliza mashine gani. Akasema siku ile baba alikuwa amelala, kifua kimembana, akatumwa yeye apeleke chai, karani akaita namba yetu, naye akapuliza. "Kwani nilikosea? Si ni namba yetu?" Nikazunguka kijiji nikiuliza, na haki nilitaka kulia, Mzee Isaiah alipuliziwa na mjukuu wake anayepiga tarumbeta kanisani, na Rodah, yule mjane anayenyunyizia ng'ombe wake mwenyewe, alipuliziwa na jirani aliyemsaidia kubeba chai, na mpaka sasa nimehesabu kumi na tisa waliopuliziwa na wengine.

Sasa nifanye nini? Kanisa limeniombea, baba ameshachagua ndume wa kuchinja, na mimi najiambia hakuna mahali nimedanganya, namba zilipulizwa kweli na watu wa kweli, na vifuniko ni vitu vizuri hata hivyo, nani ataumia? Kitu kimoja tu kinanisumbua. Baba amebandika ile kadi ukutani kando ya kalenda ya kiwanda cha chai, anawaonyesha wageni kwamba ana kifua kushinda vijana, na kile kifuniko amempa mama achujie maziwa. Jumamosi nilimwona akinyunyizia ng'ombe mdomo wazi, akipiga mluzi.

Ni mimi,
Niliyeishiwa Pumzi
Sosiot, Julai 1996

Wewe Msomi,

Ngoja kwanza nimalize kucheka. Mzee wa kupumzika mara mbili njiani kwenda choo amepuliza mia tano na sitini, na wewe, mtaalamu wa mapafu, hukujiuliza hata swali moja! Ulipiga kelele za furaha. Haya, nimemaliza.

Umezaliwa Sosiot, msichana wangu. Umebeba kikapu cha chai kwa namba ya baba yako tangu darasa la nne. Kuna siku hata moja karani alikuuliza, "Wewe ndiye Johana?" Namba ya chai ni ya boma. Anayetokea na majani ndiye mwenye namba siku hiyo, awe mke, mtoto au jirani, na hivyo ndivyo mnavyosaidiana huko kwenu siku zote. Sasa unaitisha namba ile ile, kituo kile kile, karani yule yule, halafu unategemea kila pafu lije na mwenyewe! Kipyegon hana kosa. Kipkurui usimguse, huyo alitumwa akatii. Kosa ni lako peke yako.

Eti nani ataumia? Usinichezee akili. Umemwona Jumamosi kwa macho yako. Ulimpa kadi inayosema amepona, na ameiamini kwa sababu imeandikwa na binti yake aliyesoma. Mimi nilikuwa muuguzi Kericho miaka kumi na minne kabla sijaanza kujibu barua za watu, na nimewakalisha wazee kama baba yako wima kitandani usiku kucha kwa sababu wakilala hawapati hewa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akipiga mluzi. Kwa hivyo hayo maneno ya "namba zilipulizwa kweli" mpelekee mtu mwingine.

Pole nakupa, najua unavyoitaka hiyo tuzo, na si dhambi kuitaka. Lakini ukimaliza kusoma hapa, simama ubandue ile kadi ukutani. Mwambie mzee wazi, Kipkurui akiwepo, kwamba kifua anachojivunia si chake. Atakasirika, atasema umemwaibisha kwa wageni. Mwache akasirike, akimaliza mpe kifuniko kipya. Na hayo maziwa mwageni, Mungu wangu, nyinyi ni watu gani!

Halafu nenda kwa Dr. Ongeri kabla hajafaksi sifa zako huko na huko, umweleze yote. Atafura. Msimamizi akifura huwa anatulia baadaye. Namba za mwezi wa kwanza ulizipima mwenyewe, hizo ziko salama. Za mwezi wa sita futa zote thelathini na mbili, usianze kuchagua zile unazozipenda. Rudi kituoni wewe mwenyewe, uwaite watu kwa majina, akina Kipsang wote watano, na kila mmoja apulize ukimwangalia usoni. Aliyelala mfuate kwake. Na huyo kijana wa tarumbeta afungiwe kanisani mpaka umalize.

Huenda kimshale kisipande na tuzo akaipata mwingine. Sitakudanganya. Utachuna chai msimu mmoja, utaomba tena mwaka ujao, na ndume atakuwa amenenepa.

Fomu kama hiyo lazima ina mahali panapouliza kwa nini utafiti wako ni muhimu, na nyinyi wasomi hujaza hapo maneno marefu. Wewe andika kwamba baba yako anakohoa mpaka kuku wanashuka kwenye miti. Kisha anza na yeye. Mkalishe nje, mpe kibomba, apulize mwenyewe. Ikitoka mia mbili na tisini, andika mia mbili na tisini. Hiyo ndiyo pumzi ya baba yako.

Mama Mwihaki