Kidole cha Herufi A

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kibodi tatu mezani kwangu tangu asubuhi. Bwana Wekesa, mkuu wa ofisi yetu ya chakula cha msaada, anataka nizijaribu nichague moja, kisha aagize za aina hiyo kwa ofisi nzima. "Wewe Mwanaidi ndiye unayejua vidole," alisema. Nimefurahi. Miaka tisa napiga chapa hapa Garissa na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Ya kwanza nzito, ungeweza kumuulia mtu. Kila kitufe kina springi yake. Unabonyeza, kinakataa, kinakataa, halafu kinaachia ghafla: ta! Sauti kavu. Ya pili nyepesi, ndani ina vikombe vya mpira. Kama kubonyeza unga uliokandwa. Haikuambii kama herufi imeingia au la. Ya tatu ina springi pia lakini haigombani na kidole. Inashuka moja kwa moja mpaka chini. Thu. Basi.

Jumanne, 4 Juni

Nimezifungua zote kwa bisibisi. Mchanga umeshaingia ndani, siku moja tu. Nimepiga barua ileile kwenye kila moja. Ya kwanza, makosa mawili. Ya mpira, kumi na moja. Ya tatu, sita. Ya kwanza imeshinda. Kelele zake nazipenda. Nikipiga haraka ofisi nzima inanyamaza inanisikiliza.

Alhamisi, 6 Juni

Jumamosi nakwenda Modogashe kuandikisha familia zinazohitaji chakula. Dereva wa lori ni Idris, mdogo wake Farah mume wangu. Nafuu. Idris ndiye aliyenifundisha Kisomali nilipoolewa hapa nikitoka Malindi, na alinicheka mwaka mzima. Leo kaja ofisini, kaibonyeza kibodi nzito kwa kidole kimoja, akasema inapiga kelele kama meno ya ngamia mzee.

Farah hataki niende. Njia mbaya, anasema. Nimemwambia kazi ni kazi.

Jumatano, 12 Juni

Hospitali. Mkono wa kulia mzima, kwa hiyo naandika. Nisipoandika sasa nitaanza kubadilisha.

Jumatatu tulimaliza kazi, tukanywa chai Modogashe kabla ya kuondoka. Kijana wa hoteli alimuuliza Idris tunaondoka saa ngapi. Alikuwa na pengo mbele, juu. Alinimiminia kikombe cha pili bila kuombwa. Nilimwona mwenye adabu.

Mwendo wa saa mbili hivi, tukashuka kwenye laga, mto mkavu, ambapo lori lazima lipunguze mwendo. Kioo kilipasuka. Idris alipigwa risasi shingoni. Mguu wake ulibaki kwenye pedeli ya mafuta, lori likapanda ukingo likagonga mgunga. Watu wanne, bunduki, vitambaa usoni. Walitaka mahindi tuliyobakiza, redio ya gari, saa, kila kitu. Mmoja alinivuta nje kwa nywele. Kitambaa chake kikashuka. Ni yule wa chai.

"Toa bete, mama," alisema. Kisomali hakina P.

Pete haikutoka. Vidole vilivimba kwa joto. Nikamwambia ngoja, natafuta mate. Hakungoja. Aliuweka mkono wangu wa kushoto kwenye bampa akapiga panga. Kidole cha pete, na kidole kidogo kikaenda nacho. Hakuwa na hasira. Alikata kama mtu anayekata nyama ya wageni.

Walipoondoka nilimtoa Idris kwenye usukani. Aliomba maji. Mtungi ulikuwa umetobolewa kwa risasi. Akafa kichwa kikiwa mapajani mwangu, na damu yangu na yake sikuweza kuzitofautisha. Lori la mbuzi lilitukuta adhuhuri.

Jumapili, 16 Juni

Nyumbani. Idris alishazikwa, sikuwepo. Farah halii. Anakaa ukutani, magoti juu. Leo ameniuliza mara tatu, "Ulimwona nani?"

Nimesema wote walifunika nyuso.

Nimedanganya. Nikimtaja yule, kesho Farah yuko njiani. Nimeshapoteza shemeji. Sitaki mume wa kunyongwa.

Hooyo, mama mkwe, ndiye anayeniosha kidonda. Maji ya vuguvugu na chumvi. Mtoto wake amekufa na anaosha mkono wa mke wa mtoto mwingine.

Alhamisi, 20 Juni

Homa siku mbili. Hooyo anasema niliweweseka kwa Kiswahili na Kisomali vikichanganyika. Nilisema "pengo". Nilisema "Modogashe". Farah alikuwa amekaa kando yangu.

Nimemwambia ni ndoto tu. Amenitazama kama mtu anayehesabu.

Jioni nimeona bunduki chini ya kitanda chetu, imefungwa kwenye kikoi chake kizuri. Sijui kaitoa wapi. Nalala juu yake.

Jumatatu, 24 Juni

Nimerudi kazini. Wekesa amenipa mpaka mwisho wa Julai. Nisipoweza, ataajiri mwingine. Ameomba radhi mara mbili. Namchukia na yuko sawa.

Nimekaa kwenye kibodi nzito. Nimebonyeza kitufe kimoja. Ta! Nikajikuta chini ya meza. Sikumbuki kushuka. Nilijikojolea kidogo. Hilo naliandika hapa tu. Daftari hili ni la Kiswahili na Farah husoma Kisomali na Kiarabu tu.

Na hata bila woga, siwezi. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kidole cha A. Kiswahili hakitembei bila A. Jina langu lina A mbili. Garissa mbili. Mama, baba, watatu, wanane, chakula, msaada. Kila neno linakuja kwenye kidole ambacho kiko mchangani kwenye laga, au tumboni mwa fisi.

Alhamisi, 27 Juni

Nimejaribu kidole cha kati kwenda kwenye A. Kinafika, lakini kwenye kibodi nzito springi inakirudisha kabla hakijatua vizuri. Kidonda kinauma mpaka kwenye kiwiko. Kwenye ya mpira, sijui kama nimebonyeza. Naandika "mm" badala ya "mama".

Saa sita Khadija, mwenzangu wa meza ya pili, alianza kuchapa ripoti kwa ile nzito. Ta ta ta ta ta. Nilivumilia mstari mmoja. Kisha nikainyakua mikononi mwake nikaipiga kwenye kona ya meza, na tena, na tena, mpaka vitufe vikaruka kama mahindi kwenye karai. Khadija alikimbia nje. Kipande kimemkata Wekesa shavuni.

Sijutii. Nilitaka kuendelea. Ningekuwa na mtu mkononi ningempiga mtu.

Wekesa kajifuta damu, kasema tu, "Zimebaki mbili, Mwanaidi."

Jumatatu, 1 Julai

Kibodi ya tatu. Siku nzima. Haina kishindo. Kidole cha kati kinateleza mpaka A, kinashuka, kinarudi kwake. Hakuna kinachoachia ghafla. Nimegundua lazima uisikilize kwa ngozi, si kwa sikio. Mwisho wake uko chini kabisa, mgumu kidogo, na hapo ndipo unajua.

Ukurasa mmoja, makosa thelathini na nne. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 3 Julai

Farah ameondoka. Chini ya kitanda hakuna kitu. Hooyo alisema neno moja, "Modogashe", akarudi kukoroga uji wake.

Nilikwenda mpaka lango la polisi. Nikasimama. Nikiwaambia, watamfuata, naye hatakubali kushikwa, watampiga risasi. Nisipowaambia, ataua. Nikasema labda hatampata. Labda yule alishakimbia. Nikarudi kazini. Nimepiga kurasa nne. Nimekuwa mwoga na nimekuwa mwoga kwa bidii.

Ijumaa, 5 Julai

Ameua. Habari zimekuja na dereva wa lori la mbuzi.

Alimkuta mtu akinywesha ngamia kisimani, mwenye pengo mbele. Hakumuuliza jina. Risasi mbili. Mtu akaangukia ndani ya birika la kunyweshea na ngamia wakaendelea kunywa, dereva alisema, mpaka maji yalipobadilika rangi. Watu walimpiga Farah kwa magongo mpaka akazimia, ndipo polisi wakafika.

Aliyekufa anaitwa Dahir. Mchungaji. Mtu wa makamo. Hajawahi kufanya kazi hotelini maisha yake yote. Meno yalitolewa na teke la ngamia.

Si yeye. Si yeye. Si yeye.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwambia Hooyo. Yote. Kwamba nilimwona yule wa chai, kwamba nilimjua, kwamba kinywa changu kilitoa pengo kikaficha hoteli. Alinipiga kofi. Halafu la pili. Mkono wake una nguvu kuliko nilivyodhani. Nikanyoosha uso nipigwe la tatu. Hakupiga. Alikaa chini akiwa amenishikilia nguo.

"Nenda uandike," alisema. "Kila kitu. Na la Farah pia."

"Ni mtoto wako, Hooyo."

"Ninajua mtoto wangu ni nani."

Nikaenda kituoni. Polisi wa zamu alikuwa akiandika taarifa yangu kwa kalamu, mstari kwa dakika tano, na kila mstari alikosea. Nikamwomba niichape mwenyewe. Tukaenda naye ofisini. Wekesa alisoma sentensi ya kwanza begani mwangu, akatoa watu wote, akafunga mlango.

Kurasa tatu kwenye kibodi ya tatu. Hoteli, kijana, kikombe cha pili, panga. Nikaandika kwamba mume wangu aliniuliza na nikamdanganya. Nikaandika kwamba niliiona bunduki. Polisi alisema naweza kuacha hilo. Sikuacha. Chumba kilikuwa kimya, nikisikia pumzi zake kuliko vitufe. Nilipomaliza kidonda kilikuwa kimefunguka na nafasi kati ya vitufe ilikuwa na damu.

Makosa tisa. Nimeyasahihisha yote kabla ya kutia sahihi.

Jumanne, 23 Julai

Wamemkamata yule wa chai huko mji wa Griftu, kwenye mnada wa mbuzi. Walimleta hapa nimtambue. Walisimamisha wanaume saba. Nilikwenda moja kwa moja kwake.

Hakuangalia uso wangu. Aliangalia mkono. Nikampiga nao. Kwa huohuo. Polisi walichelewa kunishika, nadhani kwa makusudi. Nilimpiga mdomoni mpaka pengo likawa pana zaidi, na nilijisikia vizuri.

Kutoka hapo nikaenda mahabusu kumwona Farah. Jicho moja limefumba, mbavu zimefungwa.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia, ungeua."

"Nimeua."

Nilimwachia tende alizotuma Hooyo.

Jumatano, 31 Julai

Wekesa amenipima mbele ya Khadija. Ukurasa mmoja, makosa matatu. Nimebaki. Ameagiza kibodi tano za aina ya tatu. Khadija analalamika hazina sauti, anasema ni kama kufanya kazi na bubu. Nimemwambia atazoea.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya kuandikisha. Foleni mpaka nje ya uzio. Upepo, vumbi, skrini naifuta kwa leso.

Kabla ya saa tano alikaa mbele yangu mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni. Nauliza kwa Kisomali, naandika kwa Kiswahili. Jina, Habiba. Anatoka upande wa Modogashe. Mume?

"Amefariki."

Fomu inataka sababu. Nikauliza.

"Alipigwa risasi kisimani."

Niliondoa mikono kwenye vitufe. Nikamwambia aliyempiga ni mume wangu. Nikamwambia na kwa nini. Nilisema polepole, bila kuinama. Kama angetaka kunipiga, meza haikuwa pana.

Aliangalia vidole vyangu vitatu vya kushoto.

"Ninajua," alisema. "Walinionyesha wewe hapo mlangoni. Nilipanga foleni hii kwa kutaka mwenyewe."

Nikamuuliza anataka nini kwangu.

"Andika jina lake lote. La baba yake na la babu yake. Usifupishe."

Nikaandika. Dahir Gedi Roble. Hajui kusoma, akataka kuona. Nikaigeuza skrini upande wake. Akauliza ni lipi ndilo yeye, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Aliliangalia mpaka mtoto akaanza kulia, akamshusha, akampa ziwa.

Foleni ilinung'unika. Hatukuharakishwa na mtu.

Kisha nikamuuliza watoto wangapi.

"Wanne," alisema.

Nikaandika wanne.