Kengele ya Soipan Katika Mkoba wa Marehemu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kitengela. Tarehe 14 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Jina: Evalyne Mbeke Musila. Umri: miaka 46. Kazi: mshonaji. Makazi: Kitengela.

Mimi ni mjane wa Ezra Musila, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la hapa kwetu. Aliandika habari za vijana wanaobuni vitu nyumbani. Kitu alichopewa alikiweka katika mkoba wake wa kaki mpaka gazeti litoke. Alisema, "Jina la mtoto likishachapishwa, hakuna mkubwa atasema ni yake."

Mnamo tarehe 6 Machi, Soipan Nalangu, msichana wa miaka 19 kutoka Kajiado, alimletea kengele ya ng'ombe aliyoitengeneza. Ng'ombe akitoka bomani, kengele inapiga simu. Aliweka namba ya Ezra. Ezra aliivaa shingoni akatembea mpaka duka la maziwa, simu yake aliyotuachia nyumbani ikalia. Soipan akaipokea, akamwambia, "Mzee, umepotea, rudi boma." Tulicheka.

Tarehe 11 Machi Ezra alifariki. Habari ya kengele hakuimaliza kuiandika.

Tarehe 29 Machi tuligawa nguo zake. Mkoba nilimpa Hillary Kuntai, aliyekuwa akimbeba kwa pikipiki kwenda vijijini. Sikuufungua. Sijui kama niliusikia uzito.

Tarehe 10 Aprili Soipan alikuja kuulizia kengele. Nilitafuta nyumbani bila kuukumbuka mkoba, nikamwambia labda iliibwa matangani. Akaripoti polisi.

Tarehe 12 Aprili, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, simu ya Ezra ililia. Huwa naichaji. Iliandika: Kengele ya Soipan. Nilipokea nikasema, "Ezra?" Nilisikia ng'ombe akipumua, kisha sauti ya Hillary: "Wewe, unaenda wapi?" Nilichanganyikiwa. Nikamwambia Soipan.

Jana Hillary alikamatwa. Aliniuliza, "Mama, si ni wewe ulinipa mkoba? Nilidhani mzee aliniachia na kengele, nikamvisha ng'ombe wangu."

Ni kweli, nilimpa kwa mikono yangu. Hakuiba. Naomba aachiliwe. Kengele ni ya Soipan; mkoba ulipofunguliwa hapa kituoni tulikuta daftari la Ezra, na jina la Soipan liko ukurasa wa mwisho.

Soipan anataka kuondoa namba ya Ezra. Nimekubali. Nimemwomba asiiondoe leo.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: E. M. Musila

Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Soipan Nalangu amepewa kengele na hana malalamiko zaidi. Hillary Kuntai ameachiliwa saa sita. Ameondoka na shahidi, akimbebea mkoba.
Konstebo J. Katee