Simba Hakuwepo

Sinza, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepoa. Mimi sijambo, ila joto la huku linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa. Dada Elina amenipigia akasema mvua imenyesha vizuri Ngulyati na pamba imeota. Namshukuru Mungu.

Naandika kwa mkono kama ulivyotaka, maana ulisema mambo mazito hutaki kuyasikia kwenye simu inayokatakata. Bahasha nampa karani wa basi la Bariadi.

Mama, yale uliyonisimulia nikikurekodi wakati wa Krismasi nimeyasikiliza tena hapa ofisini pamoja na Constantine, mchoraji wetu, na Deogratias, mkurugenzi. Ulipomaliza, Constantine alitoka nje akakaa huko muda mrefu. Tumekata shauri: gemu ya simu tunayotengeneza yote itakuwa ni safari yenu. Mchezaji ataswaga ng'ombe kutoka Shishiyu mpaka ziwani Lamadi katika mwaka ule wa ukame, siku zote sita. Atasikia sauti yako mwenyewe kwa Kisukuma, na chini maandishi ya Kiswahili. Pale mjomba Masalu alipobaki, mchezo utasimama. Mtu hatabonyeza chochote. Atakusikiliza wewe tu.

Tutazindua Saba Saba. Waalike watu waone, hasa mzee Mayige mliyesafiri naye. Waambie ni ahadi ya mwanao. Asante, wabeja sana, mayu.

Mwanao,
Luhende


Ngulyati
20 Februari 2024

Mwanangu Luhende,

Marahaba. Barua nimeipata, karani alimpa Elina stendi. Sisi hatujambo. Goti linasumbua asubuhi, mchana linasahau. Unakula? Elina anasema kwenye picha umekonda.

Tangu nikusimulie habari ya mdogo wangu Masalu sijalala vizuri. Baba yako niliishi naye miaka thelathini na mmoja, sikumwambia. Mayige mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wetu katika safari ile, alikuwa mbele na ng'ombe, hakuyasikia. Wote wanajua Masalu aliishiwa nguvu kwa kiu akafa njiani. Hawajui kwamba alinishika gauni akasema, "Usiniache." Hawajui kwamba nilimbandua vidole nikaenda kutafuta maji, na niliporudi nayo alikuwa ameshapoa. Nilikuwa na miaka kumi, yeye sita.

Nilikubali kwa sababu ulisema watoto wataisikia kwangu mimi, kwa mdomo wangu, na kwamba Mayige naye ataisikia hivyo, mimi nikiwa nimekaa kando yake. Peke yangu nisingeweza kumwambia. Kwa hiyo usipunguze, usiongeze. Kama jambo hilo haliwezekani niambie mapema, sitakasirika. Nimefundisha darasa la watoto tisini na chaki tatu, najua mambo kushindikana.

Mama yako


Dar es Salaam
21 Juni 2024

Mayu,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka. Natumaini wote wazima na mmeshavuna.

Video ya tangazo nimemtumia Elina. Najua umeiona, ameniambia ulilia uliposikia sauti yako. Usiwe na wasiwasi, mama. Kila ulichokiona kwenye video kimo ndani ya gemu. Jumapili ya Saba Saba mtaiona yote.

Mwanao,
Luhende


Ngulyati
9 Julai 2024

Luhende,

Salamu. Mwili wangu ni mzima.

Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, maana naona simu umezima.

Jumapili baada ya misa ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu Masele wa sekondari alileta projekta na spika, akaunganisha simu yake. Mzee Mayige alitoka Shishiyu kwa pikipiki, amevaa koti la sikukuu. Nikamkalisha mbele, kando yangu.

Kwanza wakatokea ng'ombe. Weupe wenye mabaka meusi, viwele vinaburuta chini, hakuna hata mmoja mwenye nundu. Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hao Shishiyu wangemaliza hata wiki?" Na mimi nikacheka. Nikasema moyoni, ng'ombe si kitu.

Halafu ikaja sauti. Msichana, Kiswahili cha Dar, anajiita kwa jina langu, "Mimi ni Nyanjige." Elina akanigeukia. Nikamwambia, "Ngoja, yangu inakuja."

Akatokea simba. Akamrukia Masalu. Yule Nyanjige wenu akaokota mkuki, na maandishi yakamwambia Masele abonyeze haraka haraka. Masele akabonyeza. Watu walishangilia, Luhende. Watoto walipanda juu ya mabenchi. Simba akafa, Masalu akafa, yule msichana akainua mkuki juu. Kisha yakaja maandishi: Safari itaendelea hivi karibuni. Hata siku ya pili ya safari hatukuifikia.

Mayige aliinuka. Hakupaza sauti, ila spika zilikuwa zimenyamaza na kila mtu alisikia.

"Nyanjige, simba alitoka wapi?"

"Sijui, kaka."

"Si wewe uliyemsimulia mwanao?"

"Sikumsimulia hivyo."

"Basi nani? Mimi?"

Akavaa kofia akatoka. Sikumfuata. Ningemfuata nimwambie nini, mbele ya watu wote wale?

Sasa sokoni naitwa Mama Simba. Vijana wananiuliza kwa nini nilificha ushujaa wangu miaka yote. Wazee hawaniulizi chochote. Wao wanajua simba hakuwepo, na wanaona nimezeeka nikaanza kujipamba kwa kifo cha mdogo wangu.

Nilikupa neno moja ambalo sijampa mtu yeyote, kwamba nilimwacha. Ulilichukua, ukanirudishia mkuki.

Mwalimu Nyanjige


Dar es Salaam
20 Julai 2024

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikashindwa kwenda kazini. Pole sana, mama. Pole kwa mzee Mayige pia.

Naomba unielewe. Muda ulituishia. Gemu yenye sauti ndefu ilikuwa nzito, simu za watu wa kawaida zingeshindwa kuibeba. Deogratias alisema mtu wa kwenye simu hatakaa dakika nne anamsikiliza bibi, anataka hatari. Banda la Saba Saba lilikuwa limeshalipiwa, tungeahirisha vipi? Wale ng'ombe tuliwanunua mtandaoni wakiwa tayari, Constantine hakuwahi kumaliza wa kwetu.

Katika kazi yetu haya ni ya kawaida, mama. Hata kampuni kubwa za nje huahidi mengi, huzindua nusu. Watu hutukana wiki mbili tatu, toleo jipya likitoka wanasamehe, wanasahau. Sisi pia tunatukanwa sasa hivi, tena vibaya. Lakini tunarekebisha. Nipe mpaka Septemba tu.

Mwanao,
Luhende


Dar es Salaam
2 Oktoba 2024

Mayu,

Shikamoo. Elina anasema barua yangu umeiweka kabatini bila kuifungua. Hata hivyo naandika na hii.

Toleo jipya limetoka. Ng'ombe wana nundu sasa, na pembe kama za ng'ombe wa babu. Safari inafika Lamadi. Waliotutukana wamerudi kutupongeza, mmoja ameandika kwamba tumetimiza ahadi na kila mtu atusamehe. Sauti yako bado, lakini nimeiombea nafasi kwenye toleo lijalo. Simba tumempunguzia muda.

Watu tusiowajua wametusamehe, mama. Wewe ni mama yangu.

Luhende


Ngulyati
10 Novemba 2024

Luhende,

Salamu. Barua zako mbili nimezifungua leo. Tunapanda pamba, mvua imeanza kwa kusuasua.

Masele alipita jana kunionyesha hao ng'ombe wenye nundu. Ni wazuri, mwambie Constantine. Nikamuuliza Masele kama amewasamehe. Akasema, "Mwalimu, mimi niliahidiwa mchezo. Umechelewa, lakini umekuja. Nikisusa nitapata faida gani?" Nikamwambia ana haki, yeye ndiye aliyenunua, na ya kwake yamelipwa.

Nami kwa kuchelewa nimekusamehe. Kwa kushindwa pia, nilikwambia tangu Februari kwamba sitakasirika. Lakini ninayo barua yako ya tarehe 21 Juni. Umeandika kwa mkono wako kwamba kila nilichokiona kwenye video kimo ndani ya gemu. Kwa barua hiyo nilikwenda mpaka Shishiyu, kwa goti hili, nikamsihi Mayige aje.

Nakuuliza jambo moja. Siku unaiandika, ulijua? Usinieleze habari za Deogratias wala uzito wa simu.

Mama yake Elina


Dar es Salaam
24 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Ndiyo. Nilijua.

Sauti yako ilitolewa mwezi wa tatu. Tulikaa kikao, Deogratias akauliza nani anakubali, nikanyoosha mkono. Ile video haikuwa gemu. Constantine aliichora picha kwa picha, mimi nikaweka sauti yako juu yake, na nilipokuwa naiweka nilijua haimo mahali pengine popote. Constantine aliniuliza, "Na mama yako?" Nikamjibu kwamba nitakuandalia maneno.

Kuna jingine ambalo hukuuliza. Deogratias alitaka hatari, hakusema hatari gani. Angeweza kukubali mto, au wezi wa mifugo. Simba nilimleta mimi. Niliandika sehemu ile kwa siku moja na niliipenda. Tangu Krismasi nilikuwa nashindwa kukuwaza ukimbandua mjomba vidole. Niliona aibu, mama. Nilitaka uwe umepigana na kitu.

Wiki iliyopita niliandika yote haya, kasoro siri yako, kwenye ukurasa wa gemu: kwamba video ilikuwa ya uongo, tulijua, na simba hakuwepo. Deogratias aliyafuta kesho yake, lakini watu wengi walikuwa wameshasoma. Nimetoka kwenye ile ofisi. Kuna wanaonisifu kwa kusema kweli, na kila nikisoma sifa zao nafunga simu.

Nataka kuja kumwomba radhi mzee Mayige. Nikija utanipokea?

Mwanao,
Luhende


Ngulyati
16 Februari 2025

Mwanangu Luhende,

Habari za safari? Elina anasema ulifika salama. Sisi ni wazima. Ule upande wa shamba ulioupalilia umependeza kuliko wetu, mvua ya Jumanne imeukuta safi.

Barua yako ya Novemba sikuijibu, na wewe ukaja bila kujibiwa. Sikukufukuza. Ulikaa wiki nzima. Ulichota maji, ulipalilia, ukaniita mama nikaitika. Tulikwenda Shishiyu, ukapiga magoti mbele ya mzee Mayige na wakeze wakisikia, ukasema, "Simba niliweka mimi." Akasema, "Inuka, ukae," akaagiza uletewe maziwa.

Ulipotoka kwenda kuangalia ng'ombe wake, nilimwambia mwenyewe, habari ya vidole. Ilinichukua muda. Alinisikiliza akiwa ameinama. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuacha nyuma naye, Nyanjige. Nilisikia anakuita jina, nikaendelea kuswaga." Tukalia wazee wawili. Uliporudi ukatukuta hivyo ukarudi nje, na nilishukuru kwa hilo. Mayige amesema kwako amemaliza, na akisema amemaliza huwa amemaliza.

Basi wote wakaona yamekwisha. Katekista alinipongeza, Elina akapika wali. Nawe pale stendi ya Bariadi, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, ulisema, "Asante mama kwa kunisamehe." Kondakta alikuwa anagonga bodi. Nilinyamaza, na ukaondoka na ukimya wangu ukidhani ni jibu. Ndiyo maana naandika.

Sijakusamehe, Luhende.

Uongo wa video ulinichoma, lakini huo nauzoea. Kinachonirudia ni pale ulipoandika kwamba ulinionea aibu. Katika maisha yangu nilimfungulia moyo mtu mmoja, na mtu huyo aliniangalia akaona kitu cha kurekebisha. Nikiwa napepeta mchele nakumbuka. Nikiwa kanisani, padre akifika kwenye "utusamehe makosa yetu," nakumbuka, naruka mstari unaofuata.

Ningeweza kuliandika neno hilo hapa. Ni neno moja tu, na wewe ungelala vizuri. Elina ameniomba niliandike. Lakini ningekuwa nakuambia jambo ambalo bado halipo, na sitaki mimi na wewe tuishi hivyo tena.

Njoo tuvune pamba mwezi wa sita. Chumba chako nimekifagia, na Elina ametundika neti mpya. Utafanya kazi, utakula, ukiniita nitaitika. Siku nikiwa nimekusamehe kweli nitakuandikia. Usiniulize tarehe.

Mama yako,
Nyanjige